Mteja Amenunua Nini?



Wenzetu wanaokaa mbele ya kompyuta usiku na mchana, wakizitia alama picha, sauti na maneno kwa ajili ya mashine za akili unde, wameletewa hati mpya ya kutia sahihi. Hati yenyewe ni ndefu, nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Walipewa dakika chache kabla ya zamu kuanza. Wengi walitia sahihi, maana asiyetia hakufunguliwa mashine siku ile. Hatuwalaumu. Mwenye kudaiwa kodi ya nyumba hawezi kubishana na karani mlangoni.

Lakini ndani ya hati hiyo mna ibara moja ambayo ndiyo sababu ya kuandika maneno haya. Yasema kwamba kila kitu atakachotengeneza mfanyi kazi zamuni, na hata kile atakachotengeneza nje ya zamu ikiwa kinahusiana na kazi, ni mali ya mteja tangu dakika kilipotengenezwa, milele, duniani kote. Na kwamba mfanyi kazi ameacha haki zake zote juu ya kitu hicho. Msimamizi alipoulizwa maana yake alijibu kwa ufupi: aliyelipa ndiye mwenye mali, na ndivyo isemavyo sheria.

Haya, na tuitazame hiyo sheria.

Lakini kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe, kwani karatasi hii husomwa pia na ndugu zetu wa bandarini, wa reli na wa mashamba ya chai, nao wana haki ya kuuliza hawa watu wa kompyuta wanalilia nini. Mashine ya akili unde haizaliwi na akili. Ili ijue kwamba hili ni gari na huyu ni mtoto anayevuka barabara, lazima mtu akae na picha maelfu kwa maelfu, azungushie kila gari mstari na kila mtoto mstari, na kuandika jina. Ili ijue kwamba maneno haya ni matusi na haya ni mzaha, lazima mtu ayasome, tena mengine ni machafu ya kumnyima mtu usingizi. Mkusanyo mzima wa picha au maneno pamoja na alama zake ndio unaofunza mashine. Pasipo mkusanyo hakuna mashine.

Mkusanyo mmoja mashuhuri uitwao ImageNet ulitolewa na wataalamu wa Marekani mwaka wa 2009, ukafika picha zaidi ya milioni 14. Alama zake zilitiwa na vibarua wapata 49,000 wa nchi 167, walioajiriwa kwa njia ya soko la vibarua la kampuni ya Amazon, liitwalo Mechanical Turk. Majina ya wataalamu wale yajulikana, nao wastahili sifa zao. Ya vibarua 49,000 nani ayajua?

Na hapa kwetu Nairobi, gazeti la TIME la Marekani lilieleza mwezi wa Januari 2023 habari za wafanyi kazi waliosoma na kutia alama maneno machafu kwa ajili ya kampuni ya OpenAI. Mikononi mwao iliingia kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na mkataba wa mteja na kontrakta ulitaja dola 12.50 kwa saa. Kontrakta alijibu kwamba ndani ya fedha ile mlikuwa na gharama nyingine pia. Huenda. Sisi leo hatuzungumzi habari ya mshahara peke yake, ingawa yatosha kumkasirisha mtu. Twauliza: baada ya mshahara kulipwa, kile kilichobaki mezani ni cha nani?

Sasa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu majedwali na mikusanyo ya data, hata ile iliyomo ndani ya kompyuta, kuwa katika kazi za maandishi zinazoweza kulindwa, mradi mtu ametia juhudi ya kutosha hata kazi ikawa na sura yake yenyewe. Kifungu cha 31 kinasema hakimiliki huanza kwa mtunzi. Huanza kwa mtunzi! Kisha kinasema kwamba ikiwa kazi iliagizwa na mtu, au ilifanywa katika utumishi wa tajiri, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa tajiri. Hapo ndipo msimamizi anapofunga kitabu na kutabasamu.

Lakini asingefunga mapema hivyo, kwani kifungu chenyewe kinaongeza kwamba uhamisho huo waweza kuzuiwa au kupunguzwa kwa mapatano ya pande mbili. Maana yake nini? Maana yake sheria haikusema tajiri lazima apewe vyote. Imesema atapewa vyote watu wakinyamaza. Wakisema jingine na kuliandika, litakuwa hilo walilolisema. Basi anayewaambia wafanyi kazi kwamba hakuna cha kujadili kwa sababu sheria imekwisha kata, ama hakuisoma mpaka mwisho, ama aliisoma na hataki ninyi mfike mwisho.

Tena swali jingine la mtu wa kawaida. Ikiwa sheria humpa tajiri kila kitu, kwa nini amelipa mawakili waandike ibara ndefu namna ile? Jibu liko katika yale maneno ya "nje ya zamu". Sheria inazungumza habari ya kazi iliyoagizwa na kazi iliyofanywa katika utumishi. Haizungumzi habari ya kile ulichokitunga nyumbani kwako bila kuagizwa. Hicho ndicho wanachokifuata.

Nitawapa mfano, nao ni wangu mwenyewe. Nilifanya kazi hii miaka mitatu katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Tulipewa sentensi za Kiswahili na za lugha za nyumbani, tuamue ipi ni uchochezi na ipi si uchochezi. Mwongozo wa mteja ulikuwa wa Kiingereza, umetungwa na watu wasiopata kupanda matatu. Kwa mfano, neno "madoadoa". Kwa mchungaji ni rangi ya ng'ombe. Wakati wa uchaguzi ni jambo jingine kabisa, na kila Mkenya aliyeyaona ya mwaka 2007 na 2008 anajua. Ndiyo maana mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha yake ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe". Mwongozo wetu haukuwa na habari. Ukifuata mwongozo unakosea, ukikosea unakatwa alama za ubora, na alama zikishuka unapoteza nyongeza.

Basi mimi na wenzangu wawili tulinunua daftari la shule. Tukaandika neno, maana zake, linasemwa wapi, na vipi utajua kama msemaji anatania au anatisha. Tuliandika ndani ya basi na nyumbani baada ya chakula. Mmoja wetu aliwauliza wajomba zake, mwingine makondakta wa stendi. Lilipojaa tulinunua la pili. Msimamizi alipoliona alifurahi sana, akaliomba kwa muda ili awasaidie wenzetu, nasi tukampa kwa moyo mweupe. Mwaka uliofuata nilipewa kazi ya mteja mwingine, na katika mwongozo wake nikaona maneno yetu, na mifano yetu, hata kosa moja la tahajia ambalo lilikuwa langu. Chini ya kila ukurasa iliandikwa kwamba ni mali ya kampuni na mtu asinakili. Mwenzetu mmoja alipohama kwenda kazi nyingine aliomba nakala ya daftari. Akaambiwa akilichukua atahesabiwa mwizi.

Mwizi wa mwandiko wake mwenyewe!

Msomaji atauliza kwa nini hatukushtaki. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia kwamba kitabu cha maneno kilichotungwa kwa juhudi yetu, nje ya zamu na bila kuagizwa, ni jambo ambalo tungeweza kulisimamisha mbele ya hakimu na kulitetea. Wala hakuna aliyetuambia juu ya kifungu cha 32, kisemacho kwamba mtunzi anabaki na haki ya kutajwa kuwa mtunzi hata baada ya haki za fedha kuhamia kwa mwingine, na kwamba haki hiyo haihamishwi wakati yeye yu hai. Hati mpya inataka wafanyi kazi waache haki zote kwa mkupuo. Vizuri waulizwe mawakili walioitunga kama hii nayo imo.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzetu hawatalipenda. Katika mkutano uliopita kijana mmoja alisimama akasema kila alama aliyoitia ni mali yake, na mteja amlipe kila mara mashine inapoitumia. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Kusema kwamba ndani ya picha hii mna gari ni kusema jambo la kweli tu, na jambo la kweli halina mwenyewe. Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani ilikata hivyo mwaka wa 1991 katika kesi ya kitabu cha simu, baina ya kampuni ya Feist na kampuni ya Rural: kwamba jasho peke yake halizai hakimiliki, na orodha ya majina na namba iliyopangwa kwa alfabeti si utunzi. Chama kikienda mezani na dai la kila alama, kitacheka mteja, na vicheko vitafunika madai yetu ya haki.

Lakini ona, ndugu, kisu hicho kina makali pande zote mbili. Ikiwa alama tupu hazina hakimiliki, basi mteja naye hazimiliki kwa hakimiliki. Anazishikilia kwa kitu gani? Kwa mkataba na kwa siri. Ndiyo sababu hati za siri ni nene kuliko hati za mshahara. Katika nchi za Umoja wa Ulaya iko sheria ya mwaka 1996 inayompa mwenye kukusanya data haki ya miaka 15, lakini inampa kwa ajili ya mtaji alioutia. Waliotia macho na vidole haiwataji. Hapa kwetu mteja anategemea sahihi zenu. Na kinachotoka kwa sahihi chaweza kuwekewa sharti kabla ya sahihi.

Mabwana hawa wana mfano wanaoupenda. Wanauliza: je, kuli wa Kilindini anapopakua shehena, shehena inakuwa yake? Seremala akiuza meza, anarudi kila mwezi kudai kodi ya meza? Mfano mzuri, ila haufanani. Wapakuzi wa Mombasa walipogoma mwaka 1955 hawakudai shehena, walidai mshahara, wakapata nyongeza. Shehena ikishapakuliwa imepakuliwa. Ukitaka nyingine ipakuliwe lazima uwaite tena watu na uwalipe tena. Meza ni moja. Mkusanyo wa data ni mbegu. Huuzwa kwa mteja wa kwanza, ukabaki. Ukauzwa kwa wa pili, ukabaki. Ukafunza mashine kumi, na kesho mashine hizo zinafanya ile kazi uliyokuwa ukifanya wewe. Mfano wa karibu zaidi ni wimbo. Wazee wanakumbuka "Malaika", wimbo wa Afrika Mashariki uliozunguka dunia kwa sauti za Miriam Makeba na Boney M, na mabishano ya miaka mingi juu ya nani alistahili mirabaha. Hakuna aliyesema mwimbaji ni kama seremala.

Na hao wateja wakubwa wenyewe, wakiwa upande wa pili wa meza, wanajua sana kutofautisha. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, yaani kama dola 3,000 kwa kila kitabu, ili kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilichukuliwa kutoka maktaba za wizi za intaneti. Hakimu alikuwa amesema kufunza mashine kwa vitabu vilivyopatikana kwa halali si kosa, lakini kuvichukua kwa wizi ni jambo lingine. Waandishi walipata mapatano hayo kwa kuwa walikuwa na hati za umiliki na waliungana katika kesi moja. Sisi hati tumezitia sahihi za kumpa mwingine, tena kila mtu peke yake, mlangoni, kabla ya zamu.

Liko jambo baya zaidi ya yote haya, nalo ni kazi iliyokataliwa. Katika lile soko la Mechanical Turk, mwenye kazi anaweza kuikataa kazi ya kibarua asimlipe, na haki juu ya kazi hiyo zikabaki kwake. Desturi hii imeingia na hapa. Msimamizi anasema ubora haukufika, malipo yanafutwa, lakini faili haifutwi. Fundi cherehani akikushonea suruali ukaikataa, unamrudishia suruali. Huivai ukienda harusini.

Tena kuna kazi za sauti na nyuso. Vijana wanaitwa wasome sentensi mbele ya kinasa sauti, au wapigwe picha pande zote, kwa malipo ya siku moja. Hapo hatuzungumzi habari ya hakimiliki tu. Sauti yako inayoweza kukutambulisha, na uso wako, ni data yako wewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka uelezwe itatumiwa kwa jambo gani, na inakupa haki ya kuondoa ridhaa yako. Ibara isemayo "milele na kwa jambo lolote" haikai vizuri na sheria hiyo. Nchi hii inaujua mchezo huu. Babu zetu, tangu miaka ya mwanzo ya 1920 mpaka 1947, walivaa kipande shingoni: alama ya vidole, kabila, mshahara, na maneno ya tajiri juu ya mtumishi. Habari zote zilikuwa za mvaaji, wala hakuwa na amri juu ya hata moja.

Mnaambiwa hakuna njia nyingine duniani. Iko. Huko New Zealand, watangazaji wa Kimaori wa Te Hiku Media mwaka 2018 walikusanya zaidi ya saa 300 za sauti za lugha yao katika siku 10. Makampuni ya nje yalipozitaka, walikataa kuziuza, wakaandika leseni yao inayosema wao ni walinzi wa sauti zile na hazitatumiwa ila kwa faida ya watu wao. Na Kiswahili chetu kimo katika Common Voice, mkusanyo wa Mozilla, ambako watu wanajitolea sauti zao na mtu yeyote aweza kuzichukua bure, tajiri na maskini sawasawa. Mimi sina ugomvi na anayejitolea kwa kujua. Ninao na anayechukuliwa bila kujua kisha anaambiwa amelipwa.

Kontrakta husema: mimi nifanye nini, mteja ndiye mwenye nguvu, nikidai sana atahamia nchi nyingine. Ajabu ni kwamba kwa kifungu cha 31 kazi ya mwajiriwa huhamia kwanza kwa tajiri wake, yaani kwake yeye kontrakta. Mali inapita mkononi mwake naye anaikabidhi yote bila kuomba hata shilingi ya matumizi ya pili. Huyo si mnyonge, ni dalali mvivu. Na habari ya mteja kuwa mbali, Mahakama ya Rufani ya Kenya mwezi wa Septemba 2024 ilikubali kwamba kampuni ya Meta yaweza kushtakiwa hapa na wafanyi kazi waliokagua mitandao yake kwa njia ya kontrakta. Umbali si kinga kama walivyodhani.

Basi tunayoyadai ni haya, nayo si makubwa. Daftari, orodha ya maneno au programu ndogo ambayo mfanyi kazi amekuja nayo au ameitunga kwa wakati wake ibaki yake, na tajiri akiitaka ainunue kwa hati ya peke yake. Haki zisihame kabla ya fedha kulipwa, na kazi iliyokataliwa ifutwe au ilipwe. Mkusanyo ukiuzwa kwa mteja wa pili, sehemu ya fedha iingie katika mfuko wa walioutengeneza, kwa hesabu ambayo chama kitaonyeshwa. Majina ya wanaotaka kutajwa yatajwe. Sauti na nyuso ziandikiwe hati mbali, kwa lugha anayoielewa mtu. Na kwa jambo hili la lugha hatuombi hisani: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inamtaka tajiri amweleze mfanyi kazi mkataba kwa lugha anayoifahamu ikiwa haielewi ile ulioandikwa.

Hayo hayapatikani kwa mtu mmoja kubishana na karani. Yanapatikana katika mapatano ya pamoja, ambayo yakisajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yanamfunga tajiri. Ili tajiri alazimike kukitambua chama, chama lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyi kazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Tarehe 1 Mei 2023 wakaguzi wa mitandao zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Watia alama ni wengi kuliko hao, na nusu ya vyumba tulivyovitembelea bado hawajachukua fomu.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika ukumbi wetu wa kila siku. Kila mtu aje na nakala ya mkataba wake. Aliyekatazwa kupewa nakala aje vilevile, aeleze nani alimkataza na siku gani, katibu ataandika. Na wale wawili niliotunga nao daftari, kama wanasoma karatasi hii, waje. Daftari la pili bado ninalo.